Intaneti ya Nyumbani Inaposumbua Mtwara na Lindi: Anza na Dalili, Usianze na Reset

Intaneti ikigoma nyumbani, tatizo huwa katika sehemu moja kati ya tatu: kati ya simu yako na ruta, kwenye ruta yenyewe pamoja na umeme wake, au nje ya nyumba kuanzia mnara au nguzo ya faiba kwenda mbele. Kazi ya kwanza ni kujua liko wapi. Anayeruka hatua hiyo hununua ruta mpya wakati kilichokufa ni adapta, au humpigia mtoa huduma wiki nzima kumbe ruta imefichwa nyuma ya televisheni.

Kipimo chenyewe hakichukui dakika tano. Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta ukiwa na simu moja. Zima data ya laini kwenye simu hiyo, maana simu nyingi za sasa waifai ikilegea huhamia data kimyakimya, na utadhani ruta imepona. Fungua kivinjari uandike anwani iliyobandikwa chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa wa ruta ukifunguka mara moja lakini tovuti hazifunguki, waifai yako ni nzima na tatizo liko mbele ya ruta. Ukurasa ukigoma hata ukiwa karibu hivyo, tatizo liko ndani ya nyumba na hakuna haja ya kumsumbua mtu wa nje bado.

Mwenye kompyuta ya Windows ana kipimo kizuri zaidi. Fungua dirisha la amri, andika ping -n 50 192.168.1.1 (weka anwani ya ruta yako), kisha ping -n 50 8.8.8.8 (anwani ya Google iliyo nje huko). Kila amri hutuma ujumbe mfupi mara 50 na kusubiri majibu. Ukiwa chumba kimoja na ruta, majibu ya kwanza yanapaswa kurudi chini ya milisekunde 10 bila hata moja kupotea. Yakipotea hapo, ni waifai. Yakirudi yote, kisha ya 8.8.8.8 yakapotea matano au kumi kati ya hamsini, njia ya kwenda nje ndiyo mbovu.

Onyo moja kabla ya yote: kuzima na kuwasha ruta ni jambo moja, kubonyeza kitundu kilichoandikwa Reset ni jambo jingine kabisa. Reset hufuta APN (jina la njia ambayo laini hupitia kufika intaneti), nenosiri la waifai na, kwa watu wa faiba, jina na nywila alizoweka fundi siku ya kufunga. Ukifanya hivyo bila kuwa na taarifa hizo umegeuza tatizo la dakika kumi kuwa la siku mbili. Piga picha kurasa za mipangilio kwanza.

"Ruta inajizima na kuwaka yenyewe"

Hapa kwetu anza na umeme, na ndani ya umeme anza na adapta.

Soma maandishi ya adapta. Nyingi huandikwa zinapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme kuwa mdogo jioni, taa zikififia kidogo, peke yake hauziangushi. Kinachoziua ni kukatika na kurudi kwa kishindo mara tatu ndani ya dakika moja, pamoja na joto. Kapasita za ndani hunyauka taratibu: adapta inaendelea kuwasha taa za ruta, lakini ruta ikianza kufanya kazi kwa nguvu (watu watatu wanaangalia video) volti zinashuka na ruta inaanza upya. Dalili yake ni hiyo hasa: inatulia usiku wa manane, inajizima watu wakiamka.

Kagua kwa mpangilio huu:

- Tikisa kidogo plagi ndogo inayoingia kwenye ruta. Ikizima, plagi imelegea au si saizi yake. Plagi za duara za milimita 5.5 zipo za tundu la 2.1 na za 2.5, ya 2.5 inaingia vizuri kwenye ruta ya 2.1 lakini inacheza ndani, na kila upepo ukipeperusha pazia ruta inazima.
- Hamisha adapta kwenye soketi nyingine, moja kwa moja ukutani, bila ekstensheni. Ekstensheni iliyolegea ni chanzo cha kawaida kuliko watu wanavyokubali.
- Mwenye mita ya kupimia volti apime: adapta ya volti 12 ikionyesha chini ya 11.4 huku ruta ikiwa imewaka, ibadilishe.
- Gusa ruta. Ya moto kiasi cha kutotaka kuishika ihamishwe: isikae juu ya king'amuzi, isifunikwe kitambaa cha mapambo, isikae dirishani panapopigwa na jua la saa nane mchana. Chini ya bati lisilo na dari, joto la Desemba linatosha kuifanya ijizime.
- Angalia matundu ya hewa. Sisimizi na mijusi kafiri hupenda joto la humo ndani. Ukiona vinyesi vyeusi vyenye ncha nyeupe, chomoa umeme, kisha ipulize au ipige brashi kavu.

Adapta mpya iwe na volti zilezile, ampea zilezile au zaidi, na alama ya chanya katikati kama ile ya zamani. Volti 12 kwenye ruta ya volti 9 zinaweza kuiua papo hapo. Ampea 2 kwenye ruta ya ampea 1 hazina madhara. Ruta huchukua inachohitaji tu.

Kuhusu zile betri ndogo za kushikilia ruta umeme ukikatika: ni ununuzi wa maana kuliko ruta mpya, lakini piga hesabu. Maandishi ya "10,000 mAh" huwa ni ya seli za volti 3.7, yaani kama wati-saa 37, na baada ya upotevu wa kupandisha volti unabaki na 30 hivi. Ruta ya volti 12 inayokula ampea 0.8 hutumia karibu wati 10. Utapata saa tatu. Si nane kama muuzaji anavyosema. Na mwenye faiba akumbuke kuwa ana vifaa viwili: ukiipa betri ruta ukaacha kisanduku cha faiba kwenye soketi, hujafanya kitu.

Umeme ukikatika usiku wa mvua, chomoa. Ukirudi, subiri dakika tano kabla ya kuchomeka.

Acha na uite fundi umeme ukiona soketi inatoa cheche, ukuta wa soketi una joto, kuna harufu ya plastiki kuungua, au taa za nyumba nzima zinang'aa kupita kiasi chumba kimoja huku zikififia kingine. Hilo la mwisho laweza kuwa waya wa nyutro umelegea, ni hatari kwa kila kitu kilichochomekwa. Zima swichi kuu, wajulishe TANESCO.

"Waifai imejaa lakini haifungui kitu"

Vile vijiti vya waifai kwenye simu hupima nguvu ya mawimbi kati ya simu na ruta. Havisemi lolote kuhusu intaneti. Unaweza kuwa na vijiti vyote na intaneti sifuri.

Sababu ya kwanza, na watu huikasirikia ikitajwa, ni bando. Ruta haitumi ujumbe mkubwa kwenye kioo. SMS ya kuisha kwa kifurushi imeingia ndani ya ruta na hakuna aliyeisoma. Ingia ukurasa wa ruta, sehemu ya SMS. Kuna vifurushi vya nyumbani ambavyo havikatiki vikifika kikomo bali hushushwa kasi. Dalili yake ni WhatsApp ya maandishi kupita na picha kugoma. Ukitaka kuhakiki kwa kuhamishia laini kwenye simu, kumbuka kwamba laini nyingine za ruta hufungwa kwenye kifaa chake na hazitafanya kazi kwingine, kwa hiyo kugoma kwenye simu si ushahidi kwamba laini ni mbovu.

Pili, laini yenyewe. Imekaa vibaya, au imefungwa kwa sababu ya usajili. Laini nyingi za ruta zilisajiliwa kwa alama ya kidole ya mtu mwingine: fundi, shemeji, mpangaji aliyehama. Mwenye kidole hicho akisema laini si yake, imekwisha. Piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Chomoa laini ruta ikiwa imezimwa, futa sehemu ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, rudisha. Pwani, hewa ya chumvi huacha utando mwembamba hapo, hasa kwenye ruta iliyokaa miaka karibu na dirisha la upande wa bahari.

Tatu, ni kifaa kimoja tu kinachogoma. Kama simu nyingine zinafungua, "sahau" mtandao huo kwenye simu inayogoma, unganisha upya. Angalia na tarehe ya simu. Tarehe ikirudi nyuma miaka kadhaa tovuti zote zenye kufuli hukataa kufunguka.

Nne, DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Ukipiga ping 8.8.8.8 inajibu lakini majina ya tovuti hayafunguki, weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwenye sehemu ya DNS ya mipangilio ya ruta. Dakika mbili, imeisha.

"Sebuleni inaruka, chumbani hakuna"

Hili ni la nyumba, mtoa huduma hahusiki. Tofali za saruji hula mawimbi, mawe ya matumbawe ya nyumba za zamani za Mikindani na Kilwa hula zaidi kwa sababu ya unene wake, na bati hurudisha kila kitu. Friji, kioo kikubwa cha kabati na simtanki lililojaa maji navyo ni kuta.

Weka ruta katikati ya nyumba, kimo cha mita moja na nusu hadi mbili, mahali pa wazi. Watu huiweka kwenye kona ya sebule kwa sababu waya wa fundi uliishia hapo. Nusu ya mawimbi inahudumia jirani na mwembe wake. Kurefusha waya wa mtandao kutoka kwenye kisanduku hadi korido ni kazi ndogo, na waya huo unaruhusiwa kufika mita 100.

Ruta nyingi hutoa waifai mbili. Ya 2.4 GHz inafika mbali na kupenya kuta lakini ina msongamano. Ya 5 GHz ina kasi lakini ukuta wa pili unaimaliza. Zipe majina tofauti, kisha chumba cha mbali kitumie 2.4 na televisheni ya sebuleni itumie 5. Kwenye nyumba za wapangaji za Magomeni au Chikongola mjini Mtwara zenye ruta sita ukuta kwa ukuta, hiyo 2.4 ichaguliwe chaneli 1, 6 au 11 pekee. Chaneli 3 au 8 inakanyaga majirani wa pande zote mbili nao wanakukanyaga. Programu za bure za simu za kuchambua waifai zitakuonyesha iliyo tupu.

Kifaa cha kurudisha waifai (repeater, kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena) kiwekwe katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri. Ukikiweka ndani ya chumba kisichoshika, kitarudisha mawimbi mabovu kwa nguvu kubwa. Hata kikikaa vizuri, kasi hupungua karibu nusu kwa vifaa vya bei ya chini. Waya kwenda kwenye ruta ya pili hushinda siku zote.

"Ruta ya laini inashika vijiti viwili, mara 4G mara 3G"

Achana na vijiti. Ingia ukurasa wa ruta, tafuta ukurasa wa taarifa za kifaa au za mawimbi, kuna namba mbili za kusoma. RSRP ni nguvu ya mnara: hasi 80 au juu yake ni safi, hasi 90 hadi 100 inatosha, chini ya hasi 110 utateseka. SINR ni usafi wa mawimbi: zaidi ya 20 ni bora kabisa, 13 hadi 20 nzuri, chini ya 5 utaona kasi ikiyumba, chini ya sifuri huna intaneti ya kuitegemea hata nguvu ikionekana kubwa.

Sasa zunguka nayo. Ruta ikiwa imewaka, ipeleke dirisha kwa dirisha, kila mahali ipe dakika moja itulie, andika namba mbili hizo. Igeuze robo duara kila pahala. Tofauti ya desibeli 10 kati ya upande mmoja wa nyumba na mwingine ni jambo la kawaida, na desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Ukilazimika kuchagua kati ya mahali penye RSRP nzuri na mahali penye SINR nzuri, chagua SINR.

Ardhi ya huku ina hila zake. Juu ya uwanda wa Makonde, mtu wa ukingo wa Newala anaona mbali sana bondeni, na ruta yake pia: inasikia minara mingi kwa mpigo, inarukaruka kati yake, RSRP nzuri na SINR mbovu. Huyo asipandishe antena juu zaidi. Aishushe au aifiche nyuma ya ukuta wa upande asioutaka, au atumie antena ya kuelekeza. Masasi, kilima cha jiwe kikisimama kati yako na mnara hakuna cha kufanya isipokuwa kutafuta mnara mwingine au mtandao mwingine. Jaribu laini za kampuni tofauti kwenye simu, saa mbili usiku, kabla ya kununua ruta iliyofungwa kwa kampuni moja. Ndani ya mikorosho au minazi mnene, majani yaliyolowa hula mawimbi, kwa hiyo pima pia siku ya mvua.

Wakazi wa vijiji vya kando ya Ruvuma wana tatizo lao la pekee: simu au ruta hunasa mnara wa Msumbiji. Dalili ni intaneti kufa ghafla ilhali mawimbi yamejaa, au salio kuyeyuka. Zima matumizi ya nje ya nchi kwenye mipangilio, kisha chagua mtandao kwa mkono badala ya kuiacha ruta ichague. Kwenye ukurasa wa ruta, msimbo wa nchi unaoanza na 640 ni wa Tanzania. 643 ni wa Msumbiji.

Antena ya nje inasaidia pale RSRP iko kati ya hasi 100 na hasi 115. Mambo matatu huiharibu. Kwanza, ruta ya 4G hutaka nyaya mbili, siyo mmoja; ukiunganisha mmoja unapoteza sehemu kubwa ya kasi. Pili, waya mwembamba wa mita kumi unaweza kula faida yote iliyoletwa na antena. Heri waya wa mita mbili tatu na ruta ikae juu karibu na paa, halafu intaneti ishushwe kwa waya wa mtandao. Tatu, hakikisha ruta ina matundu ya antena ya kweli, na kwamba kwenye mipangilio umechagua antena ya nje.

Usinunue vikuza mawimbi vya mitaani vinavyouzwa bila idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kifaa kibovu cha aina hiyo huchafua mnara kwa mtaa mzima, wewe mwenyewe ukiwemo. Na mlingoti usisimamishwe mahali ambapo ukianguka utagusa waya wa umeme. Pima urefu wake, ongeza mita mbili, huo ndio umbali wa chini kabisa.

"Alfajiri inaruka, usiku inakufa"

Fanya vipimo vya kasi saa 11 alfajiri, saa 7 mchana na saa 3 usiku, siku tatu, kifaa kimoja, mahali pamoja. Usichanganye megabiti na megabaiti: 10 Mbps ni kama megabaiti 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya megabaiti 900 itachukua dakika 12 hata kila kitu kikiwa sawa.

Kabla ya kuunyooshea kidole mnara, tazama ndani. Usiku ndipo kila simu ya nyumba inapopandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni na kusasisha programu. Njia ya kupandisha ikijaa, hata kushusha kunakwama, na simu za video ndizo za kwanza kukatakata. Ingia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta vifaa usivyovijua, badili nenosiri, zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila nenosiri), chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Nenosiri ambalo ni namba ya simu ya mwenye nyumba si nenosiri.

Kama nyumba ni safi na tofauti ya alfajiri na usiku bado ni kubwa, RSRP ikiwa ileile huku SINR ikishuka, mnara umezidiwa. Hakuna mpangilio wa ruta utakaouongezea uwezo. Panga kupakua vitu vizito alfajiri, jaribu kuifunga ruta kwenye bendi nyingine (masafa mengine ya mnara) kama inaruhusu, au hamia kampuni yenye watu wachache kwenye mnara wa mtaa wako.

"Kisanduku cha faiba kina taa nyekundu"

Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kisanduku. Taa ya PON, inayoonyesha mawasiliano na mtoa huduma, ikiwa kijani bila kupepesa na LOS imezimika, faiba ni nzima, hangaika na ruta. PON ikipepesa bila kutulia, mwanga unafika lakini kifaa hakijatambuliwa upande wa mtoa huduma; mara nyingine ni malipo.

Zima kisanduku na ruta, subiri dakika moja, washa kisanduku kwanza, kipe dakika tatu, ndipo uwashe ruta. LOS ikibaki nyekundu, fuata waya mwembamba kwa macho kuanzia kwenye kisanduku hadi ukutani. Tafuta mahali ulipokunjwa: usipinde kwa duara dogo kuliko mdomo wa glasi ya chai. Kochi lililosogezwa, mlango unaoubana, msumari wa pazia, meno ya panya darini. Mara nyingi ni kimoja kati ya hivyo. Sukuma kichwa cha waya kiingie mpaka kisikike. Kichwa cha kijani hakiunganishwi na tundu la bluu. Vinaingiliana lakini vimesagwa tofauti na mwanga hupotea.

Vipo visanduku vinavyoonyesha nguvu ya mwanga kwenye ukurasa wake. Kati ya hasi 8 na hasi 27 dBm kwa kawaida ni salama. Ikishuka hadi hasi 28 au chini, itafanya kazi asubuhi na kukatika mchana, na fundi akija wakati ikiwa hai atasema hakuna tatizo. Mwonyeshe picha ya namba hiyo.

Usichungulie ndani ya ncha ya waya wa faiba. Mwanga wake hauonekani kwa jicho na unaweza kulidhuru. Usifute ncha kwa shati wala mate. Usijaribu kuunga kwa selotepu. Ukikuta waya umeanguka barabarani baada ya lori au tawi la mwembe kuupitia, usiuguse wala kuuvuta: hupita kwenye nguzo zilezile za umeme na waya wake wa chuma unaweza kuwa umegusana na laini ya TANESCO. Hapo ni simu tu.

"Mvua ikinyesha inakufa"

Hii ni kwa wenye antena ya paani, iwe ya 4G au ya kampuni ndogo zinazorusha intaneti kwa mawimbi ya 5 GHz. Mvua yenyewe haizuii sana mawimbi hayo kwa umbali wa kilomita chache. Kinachozuia ni maji yaliyoingia kwenye viungo, na majani.

Shangani, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa Masoko: kiungo cha nje kisichofungwa vizuri huota kutu ya kijani ndani ya msimu mmoja. Fungua, tazama. Pini za kichwa cha waya wa mtandao zikiwa na ukijani, kata kichwa, rudi nyuma sentimita 20 au hadi upate shaba inayong'aa, funga kichwa kipya. Waya wa bei nafuu una nyuzi za alumini zilizopakwa shaba. Kwa hewa ya chumvi hauna maisha. Dai shaba tupu, na wa nje uwe na ganda jeusi linalostahimili jua. Funga kiungo kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, juu yake utepe wa kawaida. Kabla waya haujaingia ukutani, uache ufanye tumbo la kushuka chini ili maji yadondokee nje, yasitembee nao hadi ndani ya ruta.

Antena ya 5 GHz lazima iuone mnara wake bila kizuizi, na pembezoni pia pawe wazi. Iliyofungwa Septemba wakati miti imepukutika inaweza kuziba Januari majani yakirudi. Adapta za kupeleka umeme juu kwa waya wa mtandao zipo za volti 24 na za 48. Zinafanana sana, na ya 48 kwenye kifaa cha 24 inakiunguza.

Ngurumo zikianza, hasa Newala na Nachingwea katikati ya masika, chomoa umeme, chomoa na waya unaoshuka kutoka paani. Kuzima swichi tu hakutoshi, radi huingia kwa waya wa mtandao. Usipande paani kukiwa na wingu la mvua, wala bati likiwa limelowa. Baada ya radi kupiga jirani, ruta ikiwaka lakini tundu la waya halisomi, tundu limeungua. Waifai yake inaweza kubaki nzima kwa miaka.

"Mtaa mzima hauna"

Uliza majirani wawili wenye kampuni tofauti. Ikiwa ni kampuni moja, ni mnara au njia yake. Mnara uliokosa umeme kwa muda mrefu huzima betri zikiisha. Ikiwa ni kampuni zote, kubwa limetokea. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo utaona huduma za ndani zikienda, tovuti za nje zikigoma au kujikokota. Usiguse ruta. Zaidi ya yote usiibonyeze Reset.

Kabla ya kupiga simu

Namba 100 hufika huduma kwa wateja ya mitandao ya simu. Uwe na haya mkononi: namba ya laini au ya akaunti ya faiba, rangi za taa, RSRP na SINR au nguvu ya mwanga, vipimo vya kasi vya nyakati tatu, saa tatizo lilipoanza, na kauli kwamba umeshapima ukiwa hatua mbili kutoka kwenye ruta. Anayepokea akisikia hivyo mara nyingi huruka maswali ya "zima uwashe" na kukupeleka kwa mafundi. Omba namba ya malalamiko, iandike pamoja na tarehe. Fundi akija, asiondoke kabla hujapima mwenyewe mbele yake, na akibadili mipangilio akupe nywila mpya. Zikipita siku bila majibu, namba hiyo ya malalamiko ndiyo utakayoipeleka TCRA. Bila hiyo watakurudisha kwa mtoa huduma uanze upya.